Don Williams wa uzeeni: albamu ya 2012, ya 2014 au nimjazie mzee zile za zamani?

KoroshoGhafi (Masasi)
Habari za jioni wakuu. Leo wa singeli mtanisamehe kidogo. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, yeye na Don Williams, yule mwimbaji wa country wa Marekani, wametoka mbali, tangu enzi za kanda, ile unairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili usimalize betri. Kanda zote zimeshaliwa na redio, kwahiyo nimemnunulia redio ya kuchomeka flashi na nataka nimjazie kabla sijampelekea. Za zamani anazo kichwani zote, ukikosea mstari anakusahihisha. Sasa katika kutafuta nimekuta jamaa alitoa albamu mbili uzeeni, And So It Goes ya 2012 na Reflections ya 2014. Aliyezisikiliza zote mbili aniambie ipi inamfaa mtu wa sabini na kitu anayekaa barazani jioni akisubiri taarifa ya habari. Au nisijisumbue nimwekee tu zile zile? Naomba ulinganisho, sio mtu aje aseme "zote kali" aondoke.

Fundi_Ligula
Mkuu umekuja penyewe, hizi nazisikiliza kibandani nikiwa nachomelea waya. Ya 2012 kwanza. Jamaa alishaaga 2006, akasema basi inatosha, halafu 2010 wakamuingiza kwenye Country Music Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya magwiji wa country, na mwaka huohuo akarudi jukwaani. And So It Goes ni albamu ya mtu aliyerudi kazini, kabla yake alikuwa hajatoa albamu mpya tangu 2004, na unasikia kabisa ana hamu. Kaita waimbaji wageni pia, Alison Krauss, Keith Urban, Vince Gill, ila hawajamfunika, wanaingia kwa adabu wanatoka.

Reflections sasa hapo kila kitu kimepungua. Gita la kudonoa, ngoma iko mbali, sauti ndio imesogezwa mbele mpaka unamsikia akivuta pumzi kabla ya mstari. Mimi naona sauti imeshuka chini zaidi na mistari anaikata mifupi mifupi lakini haitetemeki, mzee yuko kwenye noti yake. Zote mbili kasimamia kurekodi prodyuza Garth Fundis, wametoka pamoja miaka ya sabini huyo, ndo maana mzee wako hatahisi kapewa msanii mwingine. Kura yangu 2014.

mtoto_wa_mikindani
Natofautiana na fundi, samahani kaka. Hiyo ya 2014 inalaza. Nina grosari yangu huku Mikindani, Jumapili moja nikaiweka nikitegemea watu watulie wanywe, jamaa mmoja mteja wangu wa siku zote akaniita pembeni akaniuliza "bosi kuna msiba?" Nikatoa nikarudisha Tulsa Time ya 1978 hapohapo watu wakaanza kugonga meza. Muziki hata ukiwa wa taratibu lazima uwe na kitu cha kukushika, Reflections nyimbo ya tatu na ya sita mimi sijui zinatofautiana wapi. Bora ya 2012, ina nyimbo mbili tatu zinazochangamka.

Bi_Shangani
Mwanangu wa Mikindani, aliyeuliza kasema baraza, wewe unajibu grosari. Watu wawili hao.

Mimi nimezeeka na huyu mtu kwahiyo nitasema ninavyosikia. Zamani alikuwa anambembeleza mwanamke, You're My Best Friend ya 1975 na zile nyingine, na sisi tulikuwa na umri wa kubembelezwa. Hii ya 2014 hambembelezi mtu. Anaanza na wimbo uliotungwa na Townes Van Zandt, unaomhusu mwanaume ambaye roho yake inapenda njia, anapenda kuondoka, lakini anamwambia mwenzie wewe lala tu, asubuhi utanikuta. Ukiimba hayo una miaka thelathini watu wanasema huyu muongo. Ukiimba una sabini na nne tunakuamini maana utaenda wapi sasa 😂

Na humo humo kuna ule wa Merle Haggard, mwimbaji mwingine wa country, Sing Me Back Home. Mfungwa anapelekwa kunyongwa, njiani anaomba mfungwa mwenzake ampigie wimbo wa nyumbani kabla hajafika. Haggard mwenyewe alikaa gereza la San Quentin, anayajua. Don Williams haufanyi uwe wa kulia, anausimulia tu kama mtu anayekueleza habari za jirani, na hapo ndo mimi huzima jiko nikae nisikilize. KoroshoGhafi mpe baba hiyo.

Mjuzi_wa_Lindi
Wakuu kuna kitu mnakiacha. Mnamsifia kama mtunzi, nyimbo zake nyingi mnazozipenda hakutunga yeye. Tulsa Time aliandika Danny Flowers, mpiga gita wake. Amanda ni ya Bob McDill, Good Ole Boys Like Me pia McDill. You're My Best Friend ya Wayland Holyfield. I Believe in You ya 1980 wameandika Roger Cook na Sam Hogin. Za kwake zipo, Lay Down Beside Me, Love Me Over Again, lakini chache ukilinganisha. Kwahiyo hata hizo albamu za uzeeni huwezi kusema "anatuambia maisha yake", anaimba karatasi za watu.

Bi_Shangani
Sawa Mjuzi, lakini aliyechagua karatasi ni nani? Ana umri ule, nyimbo za dunia nzima ziko mezani, akaokota ya mfungwa na ya mtu anayeahidi kubaki. Mimi kuchagua nakuhesabia.

Mjuzi_wa_Lindi
Hapo bi mkubwa umenibana. Ila mtunzi bado sio 😄

Konda_Nangurukuru
Mbona hamtaji ya tatu? Kuna onyesho lake la Harare Zimbabwe 1997, lilirekodiwa, linaitwa Into Africa. Hapo unapata zile zile anazozijua mzee LAKINI unasikia Wazimbabwe wanaimba naye neno kwa neno, Waafrika wenzetu wamejaa ukumbi, yeye na kofia yake kasimama pale kama hana haraka ya kitu chochote. Sisi huwa tunaiweka usiku tukishavuka daraja la Mkapa tunakuja kusini, abiria wa nyuma waliokuwa wanagombania siti wananyamaza. Kuna mama alipanda na ndoo yake ya mihogo akaniambia konda hiyo usibadilishe mpaka Lindi. Kwa mtu wa barazani hiyo ndo yenyewe, hana haja ya kuzoea nyimbo mpya umri huo.

KoroshoGhafi (Masasi)
Konda hilo sikulijua, nashukuru sana. Ila hapo kwenye "umri huo" sikubali, mzee wangu anasoma magazeti mpaka matangazo ya zabuni, vipya anaviweza. Jana nilimpigia simu nikamwekea kipande cha Reflections kwenye spika, akakaa kimya kidogo akasema "huyu naye kashachoka", halafu akaniuliza ule wa gerezani unaendeleaje. Sasa sijui hiyo ni sifa au lawama.

mtoto_wa_mikindani
"Kashachoka" hiyo ni lawama kaka 😂😂 nilisema mimi

Fundi_Ligula
Mtu akiulizia wimbo unaendeleaje ameshanasa huyo. Halafu tukumbuke jamaa kweli alikuwa anaelekea mwisho, Reflections ndo albamu yake ya mwisho ya studio, 2016 akastaafu moja kwa moja na Septemba 2017 akafariki, miaka 78, mapafu. Ukijua hivyo zile pumzi nilizosema unazisikia kivingine.

Sasa la kiufundi maana hapa ndo watu wanaharibu. Usiende kwa vijana wa stendi wakujazie, wanakuwekea mafaili yaliyobanwa mpaka sauti inatoa mluzi. Nunua au pakua yenye ubora, MP3 ya 320 kbps, hicho ndo kipimo cha ubora, redio nyingi za flashi hazisomi zaidi ya MP3 kwahiyo usihangaike na makubwa. Sauti ya Don ni nene tayari, ukiweka besi juu kama mnavyofanya kwenye sabufa zenu maneno yote yanazama, punguza besi, pandisha kidogo ya kati. Na kila albamu iwe na folda lake, namba mwanzoni mwa jina la wimbo, la sivyo redio itapiga kwa alfabeti na mzee atadhani imeharibika.

KoroshoGhafi (Masasi)
Poa sana fundi. Basi folda la kwanza Harare, la pili 2014, ya 2012 naweka la mwisho kwa heshima ya Mikindani. Zile hits siweki, anazo kichwani.

mtoto_wa_mikindani
La mwisho tena?? Haya. Msimu wa korosho ukifunguka njoo grosari na huyo mzee tumsikilize yeye mwenyewe atachagua nini.

Konda_Nangurukuru
Na Kenny Rogers je, ya uzeeni ipi nzuri?

Fundi_Ligula
Fungua uzi wake mkuu, ukimleta Kenny humu Bi Shangani hatulali.