Jirani anachoma zebaki karibu na kisima chetu, mke wangu ni mjamzito. Naombeni ushauri

MkaziWaGeita: Wakuu, habari za leo. Naishi kijiji cha wachimbaji wadogo. Jirani ana karasha (mashine ya kusaga mawe) na mwalo (sehemu ya kuoshea mchanga wa dhahabu), juu kidogo ya kisima chetu. Dhahabu anaikamata kwa zebaki, jioni anaichoma kwenye kikaango uani, karibu kabisa na dirisha letu. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, kayarundika palepale. Mvua ikinyesha tope linashuka hadi kisimani. Mke wangu ana mimba ya miezi minne. Maji tunachemsha. Inatosha? Samaki je, tuache?

Mchenjuaji: Pole sana mkuu. Kuchemsha kunaua vijidudu, metali hakuziondoi. Ila mimi naogopa moshi kuliko kisima. Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke usioonekana, mama akiuvuta unafika mpaka kwa mtoto tumboni. Ukipoa unatua kwenye bati, ukutani, kwenye nguo zilizoanikwa. Mhamishe mama leo hii, na kliniki waambieni. Jirani atumie ritoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa: mvuke unapoa humo ndani, zebaki yake anaipata tena.

Mama Dagaa: Kwani wasikinge maji ya mvua?

Mchenjuaji: Siyo kwa bati hilo, mama. Ndipo mvuke unapotua.

MtuWaMaabara: Zebaki haiyeyuki kirahisi kwenye maji, inazama na kung'ang'ania tope. Tope likifika kwenye kinamasi au ziwani, chini kusiko na hewa, bakteria wanaigeuza methili-zebaki. Hiyo inaingia kwenye viumbe wadogo, inaongezeka kila samaki anapomla mwenzake. Ndiyo sumu iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, kupitia samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956. Samaki msiache, mjamzito anawahitaji. Ale dagaa na sato, sangara mkubwa apunguze.

Kisimani mimi nawaza pia aseniki, sumu nyingine. Miamba mingi ya dhahabu inayo. Ikisagwa na kupigwa na hewa na mvua, aseniki inapenya hadi majini, haina rangi wala harufu. Peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, Mwanza. Omba vipimo vya zebaki na aseniki. Majibu yakichelewa, msinywe hayo maji.

Mchenjuaji: Na marudio hayo yakiingizwa kwenye sayanaidi (kemikali ya kuyeyusha dhahabu), zebaki iliyobaki inayeyuka na maji yanaipeleka mbali. Mwenyekiti wa kitongoji aambiwe mapema.

MkaziWaGeita: Asanteni sana. Mama anaondoka jioni hii kwa dada yake. Ndani nifanyeje, nifagie?

MtuWaMaabara: Usifagie, vumbi litapanda. Fungua madirisha wakati jirani hachomi, kisha pangusa kwa kitambaa kibichi.