Nijaze kisanduku gani?

Kijana_Kibokoni: Jamani, nasoma kozi ya jamii ya Marekani: utambulisho, mamlaka, ukosefu wa usawa. Zoezi la kwanza ni kujaza fomu ya sensa yao kana kwamba nimezaliwa kule. Haya, baba Mswahili wa hapa Mji wa Kale, nyanya asili yake Hadhramaut kule Yemen, babu mzaa mama Mgiriama wa Kaloleni. Mahamri yamepoa, sijajaza kitu.

BintiTudor: Jaza vyote. Sensa ya 2000 ndiyo ya kwanza kuruhusu zaidi ya rangi moja. Waarabu walihesabiwa weupe miaka nenda rudi. Kisanduku cha Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kimeidhinishwa 2024 tu.

Ami_Makadara: Mwanangu, muulize mwalimu nani alichora hivyo visanduku. Zama hizo mgeni hakupewa uraia ila awe mweupe au wa asili ya Kiafrika. Mjapani Takao Ozawa aliomba uraia, na mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwambia mweupe maana yake Kokasia, yaani kundi ambalo wataalamu waliwaweka Wazungu na waliodhaniwa jamaa zao. Miezi mitatu baadaye akaja Bhagat Singh Thind, Mpunjabi, na hoja hiyohiyo: wataalamu wa zama zile walimwita Kokasia. Wakamgeuzia kibao, eti mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida humwona mweupe! Akapokonywa uraia aliokwisha kupewa.

BintiTudor: Maajabu haya!

Kijana_Kibokoni: Shukran, ami. Marehemu babu alituhadithia kodi ya wenyeji ya Mwingereza ilipokuja, mtaa mzima ukalala Waswahili ukaamka Waarabu. Naanzia hapo.

Ami_Makadara: Na hayo mahamri yapashe moto.