Tupeane uzoefu: tunawafundishaje watoto unabii wa Biblia?

Mwalimu wa Pasua: Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Jumapili iliyopita hapa Moshi niliwafundisha watoto wa darasa la kati Danieli sura ya 2, ile ndoto ya mfalme Nebukadreza ya sanamu kubwa. Nilipofika pale ambapo jiwe lililoipiga sanamu linakuwa mlima mkubwa na kuijaza dunia yote, mtoto wa miaka minane aliuliza kama mlima huo ni Kilimanjaro, na kama ukijaza dunia yote sisi tutakaa wapi. Hakuna mwenzake aliyecheka, nami nikatambua kwamba darasa zima lilikuwa na hofu hiyo hiyo. Naomba waliopitia hali hii watueleze walifanyaje.

Mama Sakina: Umenikumbusha Julai 2007. Walioishi Arusha wakati ule wanaijua wiki ile: ardhi ilitikisika tena na tena, na tetemeko kubwa kuliko yote likaja Jumanne tarehe 17, jioni, tukakimbilia nje tukiwa tumewabeba watoto. Jumapili iliyotangulia zamu ya shule ya Jumapili ilikuwa yangu, nami niliwasomea Mathayo 24 mstari wa 7, taifa kuondoka kupigana na taifa, njaa na matetemeko ya nchi. Niliusoma kwa sauti ya kutisha kwa sababu watoto walikuwa wakisinzia. Mstari wa 6 niliuruka.

Jumatano asubuhi mama mmoja aligonga mlango wangu. Binti yake wa miaka saba alikuwa chini ya kitanda tangu usiku, hali wala hanywi, na kila akibembelezwa aliuliza jambo moja tu: baba haendi kanisani, je, Yesu akija leo baba ataachwa? Nilikwenda, nikakaa sakafuni, nikampa kaka yake Biblia asome mstari ule wa 6: "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado." Kulikuwa kimya kidogo, kisha sauti ikatoka chini ya kitanda: "Mwalimu, kwa nini Jumapili hukuusoma huo?" Nilimwomba radhi mbele ya wazazi wake, kwa maana sikuwa na jibu jingine.

Baadaye wataalamu walieleza kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikisogea ardhini upande wa mlima Gelai, jirani na volkano ya Ol Doinyo Lengai, na Septemba volkano hiyo ikalipuka na kutoa majivu. Tangu siku ile sisomi mstari wa unabii kwa watoto bila ule unaoutangulia na ule unaoufuata.

Binti wa Usa River: Ni kweli kabisa, dada. Sisi tulilala uani tukiogopa kuta.

Msabato wa Tengeru: Pole sana, mama. Hata hivyo, tusiwanyime watoto Danieli kwa sababu ya hofu. Mimi huwapa udongo wa mfinyanzi wajenge sanamu wenyewe: Babeli kichwani, Umedi na Uajemi kifuani, Uyunani tumboni, Rumi miguuni. Mtoto aliyeijenga kwa mikono yake huona kwamba falme zote zinapita na Mungu anabaki, na hilo humtuliza.

Mzee wa Kidia: Ndugu, katika sura hiyo Danieli anataja kichwa peke yake, anapomwambia Nebukadreza "wewe u kichwa kile cha dhahabu." Majina mengine tunayaongeza sisi, na tukifika kwenye vidole vya miguu ya sanamu kila kizazi huweka mataifa kinayoyachukia. Mtoto asifundishwe kwa uhakika jambo ambalo maandiko hayakulitaja.

Msabato wa Tengeru: Shikamoo mzee wangu. Soma sura ya 8, mstari wa 20 na 21. Umedi, Uajemi na Uyunani wametajwa kwa majina.

Mzee wa Kidia: Marahaba. Sura ya 8 nakubali. Vidole sikubali.

Katekista wa Kibosho: Tumsifu Yesu Kristo. Naona wote mnafundisha unabii kana kwamba ni habari za kesho tu, ilhali nabii kwanza ni mtu anayesema kwa niaba ya Mungu. Mimi huanza na Naboti, yule ambaye mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu (1 Wafalme 21). Huku kwetu mlimani sihitaji kueleza shamba la mizabibu ni nini. Nasema ni kihamba. Mtoto wa Kichagga aliyekulia chini ya migomba anajua kwamba kihamba cha mababu hakiuzwi kwa mtu kwa sababu tu ana fedha, kwa hiyo Naboti anapomwambia Ahabu kwamba hawezi kumpa urithi wa baba zake, darasa zima liko upande wake. Ndipo anapouawa kwa ushahidi wa uongo, na Eliya anamkuta mfalme ndani ya shamba lile lile. Wakishaisikia hiyo hawaniambii tena kwamba nabii ni mpiga ramli. Nawaonyesha pia kwamba Ahabu aliponyenyekea, Mungu aliahirisha mabaya yale, ili wajue kwamba onyo la nabii ni mlango wa kutubu.

Mama wa Njiro: Mwanangu alikosa usingizi kwa ajili ya mbwa waliomla Yezebeli, mke wa Ahabu, katekista. Kwa wadogo anzeni na Mika 5:2 wakati wa Majilio. Bethlehemu kilikuwa kijiji kidogo, na mtoto hupenda kusikia kwamba Mungu alikichagua Yesu azaliwe humo.

Kijana wa Ngaramtoni: Mimi naanza na Kumbukumbu la Torati 18:22, neno la nabii lisipotimia Bwana hakulinena. Watoto wetu wanasikia vipaza sauti vya wanaojiita manabii kila jioni. Wapewe kipimo mapema.

Mwalimu wa Pasua: Asanteni. Jumapili hii nitarudi kwenye mlima ule, kisha Naboti, bila mbwa. Mama Sakina, yule binti aliendeleaje?

Mama Sakina: Alitoka chini ya kitanda jioni ile, akala. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi mbali. Baba yake bado haendi kanisani, na binti kila akija Krismasi huniuliza swali lile lile: je, baba ataachwa?