Nimelipa ada ya maabara miaka mitatu, leo naambiwa nipike data za mawese

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia. Chuo sikitaji, nisije nikawaponza wasio na kosa.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, niko mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya kemia, na muhula huu ni wa utafiti wa kumalizia. Nilichagua mawese kwa sababu ndiyo yaliyonisomesha. Mama anakamua pale Mwandiga tangu sijazaliwa. Kila msimu mnunuzi anamwambia "mafuta yako yana asidi", anashusha bei, anaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwonyesha kipimo.

Chikichi zikishakatwa na kugongeka, kimeng'enya kiitwacho laipesi kinaanza kuvunja mafuta na kuachia asidi huru. Kuchemsha ndiko kunakokiua. Sasa huku kwetu wengi huacha mikungu ikae siku kadhaa ili chikichi zichomoke kirahisi, na muda wote huo asidi inapanda. Mimi nilitaka kujua inapanda kiasi gani kwa kila siku, ili mama ajue mwisho wa kusubiri ni lini. Basi.

Likizo nikakata mikungu ya shamba moja, nikaigawa mafungu sita, la kwanza tukalichemsha siku ileile na la mwisho siku ya kumi. Tukapata chupa sita. Nikazizungushia kitambaa cheusi mwanga usiyaharibu mafuta, nikapanda nazo treni nimezipakata usiku kucha kama mtoto mchanga.

Nafika maabara, chupa ya kostiki soda, ambayo ndiyo ya kupimia asidi ya mafuta, ina mfuniko uliopasuka. Ndani punje zimegandana zikawa jiwe moja, fundi wa maabara anazibomoa kwa mpini wa kijiko. Anayejua kemia kidogo anaelewa maana yake: kostiki inanyonya unyevu na kabonidayoksaidi kutoka hewani, kwa hiyo ukipima gramu 4 ukaziyeyusha kwenye lita moja, huwezi kuandika 0.1 molari (kipimo cha ukali wa mchanganyiko) ukalala usingizi. Lazima uihakiki kwanza kwa KHP, chumvi yenye asidi safi ambayo uzito wake unaaminika. Naulizia KHP, naambiwa iliisha mwaka jana.

Kuna atakayesema hiyo ni tofauti ndogo, najikweza. Haya, tupige hesabu. Gramu 5 za mafuta, bureti (mrija wa kudondoshea kostiki) imeshuka mililita 10. Kama kostiki ni 0.1 kweli, namba ya asidi, yaani kiasi cha asidi huru kwenye mafuta, inatoka 11.2. Kama imelala ikashuka hadi 0.08, inatoka 9.0. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, kwa mawese yasiyosafishwa kinaishia 10. Yaani chupa ileile ya mama yangu, matone yaleyale, inafeli au inafaulu kwa sababu ya lile jiwe! Halafu mawese yenyewe ni mekundu, ile rangi ya waridi ya fenofthalini, inayoonyesha asidi imeisha, huioni vizuri usipoongeza ethanoli, na ethanoli nayo tunagawiwa kwa kubembeleza.

Nikaenda kwa msimamizi wangu. Nilidhani atakasirika pamoja nami. Akaniambia nitafute ripoti ya waliotutangulia, nichezeshe namba kidogo, mbona wenzangu wameshamaliza. Nikamuuliza, siku ya sita niandike ngapi? Akasema, "Weka inapanda taratibu," huku anaangalia simu.

Siku ya sita sijaipima. Inawezekana haipandi taratibu, inawezekana inaruka, na hapo ndipo penye jibu la mama. Nikipika data nitakuwa nimemdanganya mtu aliyeamka saa kumi za usiku kunichemshia mafungu yangu na kuni zake mwenyewe.

Na hili si la muhula huu tu. Mtihani wa spektroskopia, yaani kutambua kemikali kwa mwanga, nilipata A. Niamshe usingizini nitakwambia kwenye spektra ya infraredi esta ya mafuta inaonekana karibu na 1745 na asidi huru karibu na 1710. Mashine yenyewe sijawahi kuiona ikiwaka. Imefunikwa shuka tangu nikiwa mwaka wa kwanza, na spektra zote tulichorewa ubaoni, nasi tukazinakili kwenye madaftari tukaziita prakto. Sisemi wahadhiri wote ni wabovu. Aliyetufundisha kwantamu alikuwa anakuja na chaki zake za mfukoni na alitufundisha mpaka tukaelewa, Mungu ambariki. Lakini ada ya maabara iko kwenye ankara kila mwaka, hujalipa hufanyi mtihani, mimi nimeilipa kwa bumu (mkopo wa wanafunzi) na kwa madebe ya mawese. Nauliza kwa nia njema kabisa: ile pesa ilinunua nini?

Kassim Majaliwa akiwa Waziri Mkuu alikuja Kigoma mara kwa mara kuhimiza mchikichi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya Tenera, aina ya mchikichi chotara. Miche hiyo ikizaa, mafuta yatapimwa na nani? Si ndio sisi tunaofundishwa leo kuchezesha namba?

Msije na "kila chuo ndivyo kilivyo, maliza uondoke". Nimeshaambiwa na ndugu zangu, inatosha.

Ninachohitaji ni KHP gramu 2. Gramu mbili! Nusu gramu kwa kila jaribio, majaribio matatu, na akiba kidogo. Mwenye maabara ya shule, kiwanda cha sabuni, popote pale, anisaidie au aniruhusu nije na chupa zangu kwa nauli yangu, iwe Kigoma, Tabora au kwingine, nitaosha hata vyombo vyenu. Ila iwe mapema. Mafuta ya kukamulia nyumbani hayakosi maji, maji yanaendelea kuyavunja polepole, na chupa zangu sita zina wiki ya tatu sasa chini ya kitanda.