Chuo cha vita kinachoua wanafunzi wake kinatengeneza askari au kinamaliza watu tu?

Wakuu habari za usiku. Huu ni ubishi uliotushinda nyumbani, nimeona niulete hapa maana kuna watu wamepita depo, yaani mafunzo ya mwanzo ya jeshi, na wanajua wanachoongea.

Nina mdogo wangu wa kike siku hizi haongei kitu kingine zaidi ya hadithi za vijana wanaopanda majoka, si mnazijua, binti mdogo mwembamba anapelekwa chuo cha vita, wenzake wanakufa kila wiki, wakufunzi wanaangalia tu, joka lenyewe likikuona mlegevu linakuchoma, na atakayebaki hai ndo anakuwa mpanda joka. Juzi alikuwa anamsimulia mjomba, mjeshi mstaafu, mimi nikatia neno kwamba hicho chuo ni cha kijinga, jeshi gani linamaliza marubani wake kabla adui hajawaona? Mjomba akaweka kikombe chini. "Jeshi likibembeleza watu linapigwa." Hapo ndo tukaanza, umeme ukakatika tukaendelea gizani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mtakaonishambulia mjue pa kupiga: ugumu wa mafunzo naukubali wote, jasho, njaa, kutolala, hofu. Mateso siyakubali. Na kwangu tofauti ni ndogo tu, kwenye ugumu usiku ukienda kulala unajua kitu ambacho asubuhi hukukijua, kwenye mateso unachojua ni kwamba kesho yanarudi.

Tuwachukue wapanda majoka wa kweli maana walikuwepo, marubani wa vita ya kwanza ya dunia. Ndege zenyewe mbao na kitambaa, Waingereza wanawapandisha vijana wa miaka 18, 19, wakiwa na masaa machache sana ya kufundishwa, na wengi walikufa hukohuko kwenye mafunzo hawajamwona Mjerumani hata mmoja. Wakufunzi nao wengine walikuwa wametoka mstari wa mbele wamechoka, wanaogopa hata kupanda na mwanafunzi, wakawabandika wanafunzi jina lilelile la kumtukania Mjerumani, "Huns", kwa sababu nao walikuwa wanaweza kukuua vizuri tu. Sasa kulikuwa na kitu kimoja kinaogopwa kuliko vyote, ndege inapoteza mwendo halafu inaanza kuanguka huku inazunguka kama pia. Ushauri ulikuwa usiingie huko. Basi. Ukiingia shauri yako, wewe na Mungu wako.

Akatokea meja mmoja, Robert Smith-Barry, mwenyewe alishaanguka na ndege 1914 akavunjika miguu, anatembea anachechemea. Mwaka 1917 akiwa Gosport, kusini mwa Uingereza, akasema hapana, hatuwakwepeshi hatari, tunawapeleka. Mwanafunzi anapanda Avro 504 yenye usukani kwa wote wawili, anakaa na mkufunzi, kuna mpira wa kuongelea unaofika masikioni mwake, wanaenda juu kabisa, mkufunzi anaiingiza ndege kwenye kuzunguka KUSUDI halafu anamwonyesha dogo jinsi ya kuitoa, haya sasa wewe, ingiza mwenyewe, toa mwenyewe. Piga picha unafanyishwa hivyo na una miaka 19. Hakuna mtu atasema huyu alikuwa anabembeleza watu, maana mambo aliyokuwa anawafanyisha ndo yaleyale yaliyokuwa yamekatazwa kwa sababu yanaua, ila sasa kuna sauti sikioni inakwambia fanya hivi. Mfumo wake ukachukuliwa jeshi zima la anga na mpira ule mpaka leo unaitwa kwa jina la Gosport.

Mjomba akanikatisha. Hiyo ni ndege, akasema, ndege ina ufundi, askari wa miguu anahitaji roho, na roho haifundishwi kwa mpira wa masikioni.

Sawa, nikampeleka West Point, chuo cha maofisa cha Marekani. 1899 anaingia kijana anaitwa Douglas MacArthur, baba yake jenerali, kwa hiyo wa madarasa ya juu walikuwa wanamsubiri kwa hamu. Kambi ya kiangazi usiku wakamchukua wakamfanyisha kuchuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama, mikono imetanuliwa kama mbawa za tai, mpaka miguu ikagoma. Akarudi hemani mwili wote unatetemeka hauzuiliki, akamwomba mwenzake wa hemani amtandikie blanketi chini ya miguu ili maofisa nje wasisikie visigino vinavyogonga sakafu. Hilo blanketi mimi sijaweza kulisahau. Yaani mtu anapata degedege na akili yake yote iko kwenye kuwaficha waliomfanyia.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, Desemba 1900, kijana mwingine aliyekuwa ameshaacha chuo, Oscar Booz, akafa kwa kifua kikuu, familia yake ikasema ni kwa sababu wakubwa walimnywesha mchuzi wa pilipili kwa nguvu ukamuunguza koo. Ikawa kesi ya taifa, bunge likaunda kamati, MacArthur akaitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa majina ya waliomtesa akawa anakwepa kuwachoma.

"Si unaona," mjomba akasema, "huyo huyo si ndo akaja kuwa jenerali wa nyota tano? Yalimfaa!"

Hoja hii najua na nyie mtaileta kwa hiyo niijibu kabisa. Unamhesabu aliyerudi. Booz humhesabu, na yule aliyefunga sanduku lake kimyakimya akarudi kwao akawa mwanasheria humjui hata jina, labda angekuwa jenerali bora mara mbili. Halafu muulize MacArthur mwenyewe, 1919 alirudishwa West Point kuwa mkuu wa chuo na kati ya mambo ya mwanzo aliyoyafanya ni kuwanyang'anya wa madarasa ya juu kazi ya kuwafundisha wanafunzi wapya, akawakabidhi maofisa. Kama yale mateso ndo yalimtengeneza mbona hakuyaacha yawatengeneze na wengine? (Wazee wa chuo walimchukia kwa hilo, alipoondoka 1922 mengi yakarudishwa kama yalivyokuwa, binadamu ni binadamu.)

Mdogo wangu naye akaleta Sparta, ule mji wa wapiganaji wa Ugiriki ya kale, maana kwenye hizi hadithi Sparta haikosekani. Watoto wanachukuliwa na miaka 7, wanalala njaa ili waibe, wakikamatwa wanachapwa kwa kosa la kukamatwa. Nikamwambia sawa, ila Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alishaliongelea hili, akasema Wasparta waliwafanya watoto wao kama wanyama, na kwamba walikuwa wanawashinda wengine kwa sababu tu wengine walikuwa hawafanyi mazoezi, walipoanza kufanya Sparta ikaanza kupigwa. Kwenye vita ya Leuktra, 371 kabla ya Kristo, katika raia 700 hivi wa Sparta waliokuwepo walikufa kama 400, na kwa kuwa mfumo wao ulikuwa wa kuchuja tu, watu wa kujazia nafasi hawakuwepo. Mdogo wangu akanuna.

Kuna mengine nayapita haraka. Parris Island, kambi ya makuruta Marekani, 1956, sajini wa Marine, ambaye siku hiyo alikuwa amekunywa, anaingiza kikosi chake cha makuruta kwenye kijito usiku ili "washike adabu", sita wanazama. Saint-Cyr, chuo cha maofisa cha Ufaransa, 2012, wanafunzi wa mwaka wa pili wanawavusha wapya kwenye bwawa usiku, maji ya baridi, wana nguo za kijeshi, wanaita ni kurithisha mila, Jallal Hami wa miaka 24 hakutoka. Bado nauliza pale ni mbinu gani ya vita ilikuwa inafundishwa.

Ila nisiwadanganye, kuna sehemu mjomba alinibana. Alisema kuna kazi huwezi kumpa mtu mpaka umemwona akiwa amevunjika. Hilo ni kweli. Wale SEAL, makomando wa jeshi la maji la Marekani, wana wiki yao ya jehanamu, siku tano na kitu, usingizi wa masaa manne hivi kwa wiki nzima, ukishindwa unagonga kengele mara tatu unaondoka. Hapo sina ugomvi, kengele ipo. Lakini Februari 2022 Kyle Mullen aliimaliza ile wiki, hakugonga kengele, akafa masaa machache baadaye mapafu yameharibika, na jeshi la maji lenyewe lilichunguza likakuta uangalizi wa kitabibu ulikuwa mbovu. Alifaulu mtihani wao kisha wakampoteza. Mjomba hapo alinyamaza kidogo.

Kwa wale mliosoma bodingi mnajua hii kitu haihitaji jeshi. Mimi nilipokuwa njuka nilisumbuliwa na jamaa wa form three kwa muhula mzima, kuruka kichura saa nane usiku, kumbebea maji, na nilipofika form three, nawaambia ukweli, na mimi nilimwamsha njuka. Sikuwa namfundisha kitu. Nilikuwa nadai changu.

Mwisho mjomba akatoa karata yake. Akasema vita ya Kagera, risasi zinalia, mtu aliyemkumbuka hakuwa mama yake, alikuwa sajini mmoja wa depo aliyewatesa kuliko wote. Nikamuuliza, ulimkumbuka akikufanya nini? Akafikiri. Akasema yule mzee alikuwa anawafunga vitambaa machoni usiku, kila mtu na bunduki yake ya SMG, fungua, safisha, rudisha, ukikosea kuruka kichura halafu unaanza upya, mpaka vidole vinatoka damu. Nikawasha tochi ya simu maana bado ilikuwa giza, kumbe wakati anaongea mikono yake ilikuwa inafungua bunduki isiyokuwepo, kidole gumba kinasukuma mfuniko, kinatoa springi, miaka zaidi ya 40 imepita na macho kayafumba.

Nikamuuliza, na makofi je, alikuwa anawapiga? Akasema sana. Ya nini? Akacheka, akasema hakumbuki hata moja lilikuwa la nini.

Yeye anasema huwezi kuvitenganisha hivyo viwili, sajini ni huyohuyo mmoja. Mimi nasema inawezekana. Waliopita depo, mnakumbuka nini, kitambaa au makofi?