Redio ya valvu ya marehemu babu: niigeuze ampu ya gitaa au niiache kama ilivyo?

SoloLaPwani:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina redio ya mezani iliyokuwa ya marehemu babu. Ni ya miaka ya 1950, sanduku la mbao, kitambaa mbele, na lile jicho la kijani linalofumba ukipata stesheni. Imekaa juu ya kabati kwa baba mdogo hapa Tanga miaka nenda rudi. Juzi kaniambia niichukue nifanye nitakalo, sharti nisiiuze.

Mimi napiga gitaa, solo zaidi, nyimbo za dansi la zamani. Ampu yangu ya transista inatoa sauti kavu. Nikiongeza inakwaruza vibaya, nikipunguza inapooza. Naambiwa redio za valvu zinaweza kugeuzwa ampu ya gitaa.

Nimefungua kifuniko cha nyuma bila kuichomeka. Valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zimeandikwa ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80 na EM80. Kuna transfoma kubwa pembeni na nyingine ndogo karibu na spika. Nyuma kuna matundu mawili yenye alama ya santuri. Kulehemu najua, kebo na pedali zangu natengeneza mwenyewe, na mita ninayo. Volti kubwa sijawahi kuzichezea.

Je, inafaa? Na nianzie wapi?

FundiKaleMoshi:
Marahaba mdogo wangu. Umefanya vyema kutoichomeka, na endelea hivyo hivyo mpaka umalize kusoma.

Habari njema ni hizo namba. Valvu zinazoanza na E zinakula volti 6.3 za kupashia, na redio yako ina transfoma kubwa ya umeme. Maana yake chesisi, ile fremu ya chuma ya ndani, imetenganishwa na umeme wa ukutani. Ungeniandikia UCH81, UF89, UBC81, UL84 na UY85 ningekwambia funga kifuniko. Hizo U zinapashwa kwa miliampia 100 zikiwa zimeungwa mfululizo, hazina transfoma, na upande mmoja wa umeme umeungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Ukigeuza plagi tu, chesisi nzima ina volti 230. Sasa fikiria nyuzi za gitaa zimeungwa kwenye chesisi hiyo, na wewe umesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji.

Yako inafaa. EL84 peke yake inatoa kama wati 5, na EBC81 ndiyo inayoisukuma. Ampu ndogo za mazoezi zilijengwa kwa mpango huo huo, valvu moja ya kukuza na moja ya nguvu.

Ila kabla ya umeme:

Kapasita (vihifadhi chaji) za karatasi zilizopakwa nta, toa zote zilizo kwenye njia ya sauti na ya volti kubwa. Muhimu kuliko zote ni ile inayotoka anodi (sehemu ya kutolea) ya EBC81 kwenda gridi (sehemu ya kuingizia) ya EL84, mara nyingi nanofaradi 10 au 22. Ikivuja, inapitisha volti za upande wa pili hadi kwenye gridi, na EL84 inavuta mkondo mpaka inawaka wekundu. Ikifa yenyewe si neno, itanunuliwa nyingine. Transfoma ya spika ikiungua ndiyo msiba, kwa sababu hiyo huipati dukani. Weka za plastiki za volti 630.

Kapasita kubwa za kuchuja zilizo kwenye kopo la aluminiamu, usizitoe kopo lake. Liache kwa sura, lakini waya zake zitenganishe, na chini yake funga mpya za volti 450. Ya kwanza baada ya EZ80, valvu inayonyoosha umeme, isizidi maikrofaradi 50. Vijana wanaweka 220 wakidhani wanaua mvumo, wanaua EZ80.

Tafuta pia kapasita inayotoka kwenye waya wa umeme kwenda chesisi. Iondoe kabisa. Waya wa umeme badilisha uwe wa nyaya tatu, ethi ifungwe kwa skrubu yake yenyewe kwenye chesisi, na fyuzi ya ampia 1 kwenye waya wa moto kabla ya swichi.

Ukimaliza hayo usichomeke moja kwa moja. Tengeneza soketi yenye balbu ya wati 60 iliyoungwa mfululizo na redio. Balbu ya zamani ya waya, LED haifai kwa kazi hii. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia kidogo kidogo, mambo yanaenda.

Rithimu77:
Wakuu nimepita kujifunza. Swali dogo: kwa nini asitoboe tu akaweka jeki ya gitaa kwenye volyumu? Nimeona mtu anafanya hivyo, inalia.

BintiWaya:
Rithimu77, inalia kweli, na hesabu yake ni nyepesi. EL84 inataka kama volti 4 na ushei kwenye gridi ili itoe nguvu yake yote. EBC81 inakuza mara 40 hadi 50 hivi. Kwa hiyo ukileta milivolti 100 kwenye volyumu umefika, na pikapu (kinasa sauti cha gitaa) yenye nguvu inazitoa ukitwanga nyuzi.

Lakini kaka SoloLaPwani, naomba usitoboe chochote. Matundu yenye alama ya santuri yapo kwa ajili hiyo. Yaliwekwa ili mtu achomeke gramafoni na redio imkuzie sauti. Geuza kitufe kwenye nafasi ya santuri, tengeneza kebo yenye jeki ya gitaa upande mmoja na pini mbili upande wa pili, piga. Ukiona inalia chini, tanguliza pedali ya kukuza. Redio inabaki redio, gitaa linapata valvu. Sanduku kama hilo ukishalichimba kwa drili hakuna wa kulirudisha, na wewe umepewa kwa sharti la kutouza, maana yake wenyewe bado wanaipenda.

DansiHalifi:
Dada BintiWaya nakuheshimu, ila hapa tunapishana. Mimi ni mpiga gitaa. Redio imekaa juu ya kabati miongo mingapi hailii? Stesheni za masafa ya kati na mafupi nazo zinapungua, watu wamehamia FM, na redio hiyo kwa orodha ya valvu zake haina FM. Chombo kinachopigwa kila jioni kiko hai kuliko kinachofutwa vumbi.

Na ukiunga kwenye matundu ya santuri unapata sauti nzuri, laini, lakini haipasuki ile unayoitaka kwenye solo. Sababu ni kwamba redio nyingi zina waya unaorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika kwenda nyuma ili kuisafisha. Kwa taarabu na habari ni sawa. Gitaa linataka uhuru. EL84 hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye ampu maarufu ya gitaa Vox AC30, zimo nne. Ile sauti inayong'aa juu halafu ikachanika taratibu ukibonyeza zaidi, mbegu yake unayo ndani ya sanduku la babu.

Mpango wangu: chomoa ECH81 na EF89, hazina kazi tena. Kwenye soketi ya EF89 funga nyaya upya uweke ECC83, valvu ya kukuza yenye nusu mbili. Ukiondoa hizo mbili unaokoa ampia 0.5 za kupashia, ECC83 inakula 0.3 tu, transfoma haitalalamika. Nusu moja ya ECC83 inakutosha: kiloomu 100 kwenye anodi, kiloomu 1.5 kwenye kathodi (sehemu inayotoa elektroni) na maikrofaradi 22 pembeni yake, megaomu 1 kwenye gridi, na kiloomu 68 kati ya jeki na gridi ili usipokee stesheni kupitia gitaa. Tokea anodi kwa nanofaradi 22 kwenda kwenye volyumu. ECC83 na EL84 bado zinatengenezwa, Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo hutakwama.

FundiKaleMoshi:
DansiHalifi, sakiti yako ni sahihi na sina la kuongeza. Ninachosema ni mpangilio. Aanze na njia ya BintiWaya. Kazi ya kapasita ni ile ile kwa njia zote mbili, na akishapiga kupitia matundu ya santuri atajua kama anahitaji zaidi. Na hata akija kuweka ECC83, asikate waya wowote wa masafa. Alehemue, avike plastiki, afunge lebo, na zile valvu mbili ziwekwe kwenye sanduku la viatu na pamba.

KaskaziniMwaMbeya:
Niingilie kidogo. Na mimi ninayo ya mzee, lakini yangu ni DK96, DF96, DAF96 na DL96. Inafaa gitaa?

BintiWaya:
Hapana kaka, hiyo ni ya betri. Nyaya zake za kupashia ni volti 1.4 na miliampia 25, nyembamba mno, ukikosea volti zinakatika zote kwa mkupuo. Nguvu yake ni kama wati 0.2. Huko kwenu mpakani ziliwahi kuenea redio za betri za aina hiyo hata kabla ya valvu za 96. Ile ya duara iliyoitwa "sufuria", iliyotolewa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) mwaka 1949 kwa wasikilizaji wasio na umeme, ilikuwa ya valvu nne na betri. Hizo ni historia ya watu wetu kusikiliza dunia. Itengenezee chanzo cha volti 90 na volti 1.4, isikilize, usiiguse zaidi ya hapo.

SoloLaPwani:
Wakuu, nimerudi na majibu. Kapasita nimebadilisha, isipokuwa ile ya kwenda gridi ya EL84 niliiacha kwanza nione. Nyaya tatu na fyuzi tayari. Balbu iliwaka ikafifia. Kitufe cha volti nyuma kilikuwa 220, umeme wangu unapima 238, nikakihamishia 245.

Vipimo, ikiwa imechomekwa moja kwa moja: anodi ya EL84 volti 225. Kathodi volti 10. Rizista ya kathodi nimeipima ikiwa imezimwa, ni omu 150. Gridi ya EL84 ina volti 5! Nikazima haraka. Jicho la kijani liliwaka, hafifu, lakini liliwaka. Baba mdogo aliita watu waje kuona.

FundiKaleMoshi:
Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Gridi inatakiwa iwe sifuri. Tupige hesabu pamoja: volti 10 gawanya kwa omu 150 ni kama miliampia 67. Toa 7 za gridi ya pili, zinabaki 60 za anodi. Volti kati ya anodi na kathodi ni 215, zidisha, karibu wati 13. EL84 mwisho wake ni 12. Na EZ80 inayobeba kila kitu mwisho wake ni miliampia 90, ukijumlisha na valvu nyingine umeshafika ukingoni.

Zima, chomoa kabisa ukutani, toa chaji ya kapasita kwa rizista ya kiloomu 4.7 ya wati 5, usitumie bisibisi. Pima kwa mita uhakikishe ni sifuri. Kisha lehemua mguu mmoja wa ile kapasita, washa, upime gridi tena. Ikirudi sifuri, mkosaji ni kapasita. Zikibaki volti, valvu yenyewe imeingiwa gesi.

Na unapopima ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo. Clipu nyeusi ibane kwenye chesisi kabla hujawasha, mkono mmoja ndio ushike ncha nyekundu. Nimezika mwenzangu wa fani, sirudii mara mbili jambo hili.

SoloLaPwani:
Pole sana mzee wangu. Nimefuata neno kwa neno.

Mguu mmoja nje: gridi sifuri. Nimeweka mpya. Sasa kathodi ni volti 7, anodi 240. Kwa hesabu yako ni miliampia 47, toa 5, karibu wati 10. Valvu inawaka rangi yake ya kawaida ya machungwa, hakuna wekundu kwenye bati la anodi.

Nimechomeka gitaa kwenye matundu ya santuri. Wakuu, sijui niseme nini. Nyuzi tatu za chini zinatoka na mwili, za juu zinalia kama kengele. Nikifungua volyumu robo tatu kuna utamu unaotoka nyuma ya noti. Ila spika ya zamani karatasi yake imekauka, nikipiga besi inatetemeka pembeni. Nina spika ya gitaa ya inchi 10, omu 8. Ya redio imeandikwa omu 5. Nifanyeje?

DansiHalifi:
Unga hiyo ya omu 8, salama kabisa. Nguvu inapungua kidogo, lakini spika ya gitaa ya inchi 10 inasikika zaidi ya ile ya redio kwa wati zile zile, hutaona pengo. Kitu kimoja: usiwashe kamwe bila spika yoyote kuungwa. Tumia swichi ya kuhamisha, ili ya ndani ipumzike ukiwa unapiga solo, irudi ukitaka kusikiliza redio. Na hiyo swichi ihamishe bila kuacha pengo katikati, au zima kwanza ndipo uhamishe.

Nakubali pia, baada ya kusoma maelezo yako, kwamba ECC83 isubiri. Ukiwa unafikia utamu kwenye robo tatu ya volyumu, uko karibu sana na unachokitafuta. Tafuta ule waya wa kurudisha sauti unaotoka upande wa spika, weka swichi ndogo nyuma ya chesisi uukate na kuurudisha upendavyo. Hakuna kutoboa mbao.

Rithimu77:
Mkuu SoloLaPwani, rekodi hata kwa simu utuwekee.

SoloLaPwani:
Nitarekodi Ijumaa, baba mdogo anataka nimpigie ya zamani za kwao kwanza. Waya wa kurudisha sauti nadhani nimeuona, unatoka transfoma ndogo unakwenda chini ya volyumu kupitia rizista. Nauliza tu: nikiukata, sauti ikageuka mlio wa kupiga kelele, ni hatari?

BintiWaya:
Ukiukata haiwezi kupiga kelele, itaongezeka tu. Inapiga kelele pale unapourudisha kinyume. Ikitokea, badilishana ncha mbili za upande wa spika, basi. Piga picha chini ya chesisi kabla hujagusa waya huo, utuwekee hapa tuthibitishe ndio wenyewe.