Naomba ushauri, nina mwanafunzi na Mowgli ananitia wasiwasi
Habarini walimu wenzangu, nafundisha darasa la sita na mwezi huu tunasoma The Jungle Book ya Kipling, ile ya 1894, mtoto Mowgli analelewa na mbwa mwitu kule India. Watoto wanaipenda mno. Sasa wiki ijayo tunafika pale kundi linamkataa, analia mpaka Bagheera, yule chui mweusi rafiki yake, inabidi amwambie hayo ni machozi tu, na darasani nina mtoto analelewa na watu baki, ndugu zake walishamkataa. Kuiruka siwezi, hapo ndo moyo wa hadithi. Je niongee nae kwanza pembeni au nimwache asome na wenzake kawaida? Aliyewahi kukutana na hali kama hii anisaidie, namuwaza sana huyu mtoto.